Benki inasema namba ya siri ilikuwa sahihi, nami namtazama mtoto wa kaka yangu

Shikamoo Mama,

Naandika usiku. Mume wangu amelala, na mtoto ninayekuandikia habari zake yuko chumba cha pili, taa yake bado inawaka.

Nina miaka 46. Kaka yangu alifariki miaka saba iliyopita, akaacha kijana mmoja wa miaka 12. Nilimchukua mimi, sasa ana 19. Ananiita shangazi, lakini mimi ndiye niliyekaa naye usiku wa homa, na mimi ndiye ninayeitwa shuleni.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji nikalazwa siku tisa. Mume wangu alikuwa safari ya kikazi. Nilimpa kijana kadi yangu ya benki na namba ya siri awe anatoa pesa za matumizi na kulipa bili. Niliporudi nyumbani alinikabidhi bahasha yenye risiti zote, amezipanga kwa tarehe. Hesabu haikupungua chochote. Nilijisifu kwa majirani kwamba nimelea.

Miezi mitano baadaye, Jumatatu asubuhi, nikafungua taarifa ya akaunti. Miamala minne ya ATM kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili usiku, na malipo mamoja ya dukani. Jumla yake ni kama mishahara yangu miwili. Ujumbe wa simu sikuupata kwa sababu nilibadilisha laini na sikuwahi kuipeleka namba mpya benki. Kadi ilikuwa kwenye droo, pale pale ninapoiweka siku zote.

Benki nilipokewa na afisa mpole. Alitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Mama, chipu imesomwa. Namba ya siri imeingia sahihi mara ya kwanza. Kadi ya chipu hainakiliki. Nani mwingine anaijua hiyo namba?" Nikanyamaza. Nilimwambia wiki ile nililipia kitu mahali fulani, mashine ikagoma, muuzaji akaenda na kadi yangu ndani kutafuta mtandao. Akasema hilo halina uhusiano. Akaniambia niikate kadi ya zamani, nitaletewa mpya. Mpaka leo sijaikata, sijui kwa nini.

Nilimuuliza kijana jioni ile mbele ya mume wangu. Nasema nilimuuliza, lakini ukweli nilimshtaki. Alisema mara moja tu, "Shangazi, sijachukua." Hajarudia tena. Tangu siku hiyo anaamka, anasalimia, anatoka, anarudi, anafunga mlango. Wiki zile zile alikuwa ameweka kioo kipya kwenye simu yake. Anasema rafiki yake alimtengenezea. Siwezi kuacha kukitazama kile kioo.

Mume wangu anasema mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Dada yangu mkubwa anasema marehemu hawezi kulala kaburini nikimwita mwanawe mwizi. Wote wawili wananipigia kelele, na wote wawili nawaelewa.

Sasa benki imenipa fomu ya malalamiko. Niirudishe ndani ya siku kumi. Swali la nne linauliza: "Je, umewahi kumpa mtu mwingine namba yako ya siri?" Mume wangu anasema niandike hapana, pesa zirudi, yaishe. Nikiandika ndiyo, nimempoteza mtoto na pesa pamoja. Afisa amesema pia kwamba nikienda polisi na jina la mtu ninayemshuku, mambo yatakwenda haraka.

Nimalizie na la aibu. Namba yenyewe ni mwaka aliozaliwa marehemu kaka. Nimeitumia tangu kadi yangu ya kwanza, na ndiyo ninayofungulia simu. Najua utanigombeza.

Niandike nini kwenye swali la nne? Na nikae naye vipi mtoto huyu?

Shangazi asiyelala

*

Marahaba, mwanangu. Sitakugombeza. Ukiwauliza kwa upole watu walio karibu nawe, utakuta wengi namba zao ni tarehe za watu wanaowapenda.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nadhani ina mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni la benki: pesa zimetoka, nani alipe. La pili ni la nyumbani: mtoto uliyemlea amekuwa mgeni. Yamefungwa pamoja na sentensi moja ya yule afisa mpole, kwamba chipu imesomwa na namba ni sahihi. Ulipoisikia, ulikwenda nayo nyumbani kama hukumu. Naomba tuifungue hiyo sentensi kwanza, kwa sababu hata mumeo anaegemea hapo hapo.

Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu, ni kweli. Lakini mashine haikumtaja mtu. Inachojua ni kwamba tarakimu nne ziliingia na zikakubalika. Nani alizibonyeza, haijui. Aliyemweka mtoto wako mbele ya ile ATM ni afisa kwa swali lake, na wewe kwa ukimya wako.

Chipu ni kitu kizuri, nisiifanye mbaya. Kila ukilipa, inatengeneza msimbo mpya kwa ufunguo uliofichwa ndani yake, na ufunguo huo kuutoa ni kazi ngumu mno. Ufaransa walikuwa na kadi za chipu tangu miaka ya themanini na mapema tisini. Uingereza waliwatangazia watu kwamba kuanzia tarehe 14 Februari 2006 saini dukani basi, ni namba ya siri. Tangu hapo watu wengi wameikubali imani ile ile ya afisa wako: namba ikikubali, ni mwenyewe, au ni mtu wa nyumbani kwake. Ni imani inayotuliza. Inawatuliza wenye kadi kwa sababu inasema wezi wa mbali hawatuwezi, na inaituliza benki kwa sababu za benki.

Tazama kilichobadilika hapo. Sheria ya Uingereza ya hundi ya mwaka 1882 ilisema saini ya kughushi haina nguvu. Mtu akighushi saini yako kwenye hundi, kwa kawaida hasara hiyo ni ya benki, hata kama ameighushi vizuri kiasi gani. Namba ya siri haina mwandiko. Ikiibwa, inafanana kabisa na ikitumiwa na mwenyewe. Kwa hiyo mzigo wa kueleza ukahama polepole, kutoka kwa aliyelipa pesa hadi kwa aliyezipoteza. Marehemu Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilisema hili kwa miaka mingi, na hakupendwa sana na mabenki.

Mwaka 2010 yeye na wenzake walionyesha jambo ambalo afisa wako angeshangaa kulisikia. Walichukua kadi halisi ya chipu, wakaweka kifaa kati ya kadi na mashine ya dukani. Kifaa kiliiambia mashine kwamba namba ni sahihi, huku kadi ikidhani mteja ametia saini. Ungeweza kubonyeza tarakimu zozote nne. Risiti ikasema namba ya siri imethibitishwa. Baadhi ya watu walisema hayo ni ya maabara tu, wezi hawana akili hiyo. Lakini mwaka 2011 kundi moja Ufaransa lilishatumia kadi 40 hivi za wizi zilizochezewa kwa njia hiyo, kwa jumla ya karibu euro 600,000. Wataalamu waliozichunguza walilazimika kuzipiga eksirei, kwa sababu zilikuwa ushahidi na haikuruhusiwa kuziharibu.

Sasa nikuambie kwa haki: mbinu hiyo haielekei kuwa ndiyo iliyokupata. Ilihitaji kadi halisi, na yako unasema ilikuwa kwenye droo. Tena ilikuwa ya mashine za dukani. Kwenye ATM namba hupelekwa benki kuhakikiwa, haimalizwi na kadi peke yake. Nimekusimulia ili ujue tu kwamba "namba ilikuwa sahihi" si Msahafu. Ni maelezo ya mashine kuhusu kile ambacho mashine iliamini.

Kwa hiyo zile za ATM zilitokeaje? Mimi sijui, na wewe hujui. Yule muuzaji aliyeingia ndani na kadi yako asingeweza kuinakili chipu kirahisi, lakini kadi nyingi bado zina ukanda wa sumaku mgongoni, na huo hunakiliwa kwa kifaa kinachoenea kiganjani. Akikuona ukibonyeza namba, au kamera ikikuona, ana vyote viwili, na hapo anatafuta ATM inayokubali ukanda. Hilo likitokea, kumbukumbu za benki zinapaswa kuonyesha ukanda, si chipu. Afisa amesema chipu. Je, alitazama muamala mmoja mmoja, au alisema kwa mazoea? Mtu wa nyumbani pia anaweza kuchukua kadi kwenye droo Ijumaa na kuirudisha Jumapili. Mgeni wa nyumbani anaweza. Rafiki wa kijana anayeingia na kutoka anaweza, bila kijana kujua. Na namba yako, mwanangu, si siri kubwa kama unavyodhani. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, lakini mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa rika lenu unaanza na 19, basi inabaki 100. Mwaka 2012 watafiti wa Cambridge walikadiria kwamba mwizi wa pochi zenye tarehe za kuzaliwa atafaulu kuitumia kadi katika pochi moja kati ya kila 11 hadi 18. Na wewe simu yako unaifungulia namba ile ile. Wangapi wamekuona ukiifungua?

Hata hizo tarakimu kuwa nne tu kuna kisa chake. John Shepherd-Barron, mmoja wa waliobuni mashine ya kwanza ya kutolea pesa London mwaka 1967, alisimulia kwamba alitaka ziwe sita, mkewe akamwambia anaweza kukumbuka nne.

Basi ile kadi uliyoshindwa kuikata, usiikate. Moyo wako ulikuongoza vizuri. Hakikisha tu imefungiwa benki isitumike, kisha itie kwenye bahasha uihifadhi. Ndani ya chipu kuna kihesabu kinachopanda kila muamala. Kikilinganishwa na kumbukumbu za benki, mtaalamu anaweza kuona kama kadi hii hii ndiyo iliyotumika. Iombe benki kwa maandishi, kwa kila muamala kati ya ile mitano: uliingia kwa chipu au kwa ukanda, namba ilihakikiwa na benki au na kadi, kihesabu kilisomaje, na mashine ilikuwa wapi saa ngapi. Omba pia picha za kamera za zile ATM zihifadhiwe. Hilo lifanye kesho, kwa sababu picha za kamera hazikai milele, hufutwa na kuandikwa juu yake.

Lakini kabla hujaomba picha, kaa chini ujiulize swali ambalo hakuna fomu inayoliuliza. Ikitoka picha ya mtu usiyemjua, utamwambia nini mtoto? Na ikitoka picha ya mtoto, utamwambia nini? Nadhani sasa hivi umejiandaa kwa moja tu kati ya hizo, na sina hakika ni ipi.

Tuje kwenye swali la nne. Mumeo si mtu mbaya. Anaona nyumba inaungua na anatafuta maji ya karibu. Ila "hapana" ina hatari zake, na nyingine hazihusu pesa. Benki ikigundua, malalamiko yako yote yatasomwa kwa jicho la mwongo, hata yale ya kweli. Huko Uingereza, zamani za kadi za ukanda, askari polisi mmoja alilalamika kuhusu pesa zilizotoka kwenye akaunti yake. Kwa kuwa benki iliamini mfumo wake haukosei, akashtakiwa yeye kwa jaribio la udanganyifu. Alitiwa hatiani mwaka 1994, akaachiwa kwa rufaa mwaka 1996, baada ya benki kukataa mfumo wake uchunguzwe na mtaalamu wa utetezi. Yule kwa madai yake alikuwa mkweli, na bado ilimchukua miaka. Sasa fikiri anayeanza na uongo mdogo. Halafu kijana anajua ulimpa. Atakuwa shahidi wa uongo wako wakati huo huo unaotaka akuambie ukweli.

"Ndiyo" nayo ina bei. Mikataba mingi ya kadi inakataza kumpa mtu namba, na benki inaweza kushikilia hapo na kufunga faili. Sheria zinatofautiana. Marekani, kwa kadi za benki, uzembe kama kuandika namba kwenye kadi hauongezi mzigo wa mteja. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2015, kumbukumbu kwamba kadi na namba vilitumika si lazima itoshe peke yake kuthibitisha kwamba mwenyewe aliidhinisha, ila uzembe mkubwa unaweza kumgharimu. Kwako ni ipi, tafuta ofisi inayosikiliza malalamiko ya wateja wa mabenki, au mwanasheria wa msaada, kabla siku kumi hazijaisha. Lakini angalia: swali linauliza kama umewahi kumpa mtu, halikuzuii kueleza. Unaweza kuandika kwamba ulimpa mwanafamilia ukiwa hospitali, tarehe fulani hadi fulani, kwamba matumizi yote yalikuwa na risiti, na kwamba miamala unayoilalamikia ni ya miezi mitano baadaye. Hayo ndiyo yaliyotokea. Hayamtaji mwizi, kwa sababu hujamjua mwizi.

Kuhusu polisi, tofautisha kuripoti wizi na kuripoti mtu. Unaweza kwenda na miamala mitano na kadi kwenye bahasha, ukasema sijui nani. Ukiulizwa nani aliijua namba, jibu kweli. Ila kulipeleka jina la kijana wa miaka 19 ili "mambo yaende haraka" ni jambo lingine. Haraka ya nani? Jina likishaandikwa kule halifutiki kwa sababu shangazi amebadilisha mawazo. Na kama ni yeye kweli, pengine bado ungependa kuwa wewe wa kwanza kujua kilichomsukuma.

Njia ya tatu najua unaifikiria, ingawa hukuiandika: kuziacha pesa ziende, kunyamaza. Wanawake wengi huichagua na huiita amani. Hatari yake ni kwamba shaka haiondoki na pesa. Miaka kumi ijayo bado utakuwa unatazama kioo cha simu.

Sasa yeye. Umeniambia alisema mara moja tu na hajarudia, na umeliandika hilo kama ushahidi. Linaweza kuwa. Linaweza pia kuwa namna ya mtu ambaye kauli yake ya kwanza haikusikilizwa, haoni faida ya ya pili. Yatima anayelelewa na ndugu huishi akihesabu, mwanangu, hata ukimpenda vipi. Zile risiti zilizopangwa kwa tarehe zilinigusa. Mtoto wa kuzaa hupanga risiti? Wangu hata mmoja hakuwahi. Nani alimfundisha kwamba siku moja atadaiwa maelezo?

Simaanishi kwamba ni msafi. Vijana wazuri huiba, na aliyerudisha hesabu kamili mwaka jana anaweza kushindwa mwaka huu, kwa deni, kwa kamari ya simu, kwa rafiki. Ninachosema ni kwamba ulimshtaki mbele ya mtu mwingine, kwa sentensi ya afisa, na hilo unaweza kulirekebisha leo bila kusubiri benki. Mpate peke yake, mlangoni kwake kama ni lazima, mumeo asiwepo. Mwambie namna uliyomuuliza haikuwa ya haki, hata kama jibu bado hulijui. Mwambie ukweli kuhusu swali la nne na unachotaka kuandika. Muulize yeye anadhani kadi ilitumikaje, maana huenda anajua nani alilala kwenu wikiendi ile, au nani alikaa karibu na ile droo. Kisha nyamaza, na safari hii ukimya uwe wa kusubiri. Anaweza kukasirika. Anaweza kulia, anaweza kuondoka usiku ule akalale kwa rafiki. Anaweza kukuambia jambo ambalo hukutaka kulisikia. Mimi siwezi kukuchagulia kama uko tayari kwa hayo usiku wa leo au kesho kutwa. Taa yake inawaka, umesema.

Dada yako na mumeo waambie wakupe siku hizo kumi bila kelele. Mmoja anamtetea marehemu na mwingine anaitetea mashine, na kijana mwenyewe hajaulizwa na yeyote kati yao.

Na kadi mpya ikija, ipeleke benki namba yako mpya ya simu siku hiyo hiyo, ujumbe uwe unakufikia. Namba ya siri chagua isiyohusu mtu yeyote, na ya simu iwe nyingine kabisa. Usiniambie ni ipi. Niandikie tu yaliyotokea.

Mama yako wa safu hii